Mashine ya Pumzi Haitibu Ikiwa Uvunguni

Ndugu wasikilizaji, leo nitazungumza habari ya kukoroma. Najua wengine mmekwisha kuanza kucheka. Chekeni, lakini msizime redio.

Katika nchi yetu mkoromaji ni mtu wa kuchekwa. Abiria wa basi la Mbeya akianza kukoroma kabla ya Chalinze, basi zima limepata kichekesho cha safari. Mzee akikoroma msibani, vijana hukonyezana. Na nyumbani tunaaminishana kwamba baba akikoroma ndiyo dalili kuwa amelala usingizi mnono, ameshiba na hadaiwi na mtu.

Mimi nilikuwa mkoromaji wa namna hiyo. Nilidhani hakuna mtu katika mtaa wetu anayelala fofofo kunishinda. Aliyeujua ukweli ni mama watoto, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho. Asubuhi moja akaniambia: "Baba watoto, wewe hukoromi tu. Unakoroma, halafu unanyamaza kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, nafika ishirini na kitu, huvuti pumzi. Kisha unashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Hivi mimi nalala na mume au nalala na maiti?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka hospitali.

Naam, huo ukimya ndio ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi mtu akiwa amelala. Mtu akipatwa na usingizi, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine, hasa wenye unene, wenye shingo nene, wenye taya dogo au mafindofindo makubwa, ulimi na nyama laini za koo huanguka nyuma na kuiziba njia hiyo. Kifua kinavuta, hewa haiingii. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unapiga king'ora, mtu anazinduka kidogo, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anarudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba kichwa kinauma, mdomo umekauka, na ikifika saa nane mchana macho hayafunguki.

Pumzi ikikatika, au ikipungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, hilo linahesabiwa kuwa tukio moja. Kwa mtu mzima, chini ya matukio 5 kwa saa ni hali ya kawaida. Kuanzia 15 ugonjwa ni wa wastani, na kuanzia 30 ni mkali. Mimi nilipopimwa nilikutwa na 41. Maana yake ni kwamba kila baada ya dakika moja na nusu nilikuwa nakabwa shingo ndani ya kitanda changu mwenyewe, na mkabaji ni mimi.

Wala msidhani ni maradhi ya watu wachache. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanayo apnea ya kuziba koo. Wengi wao hawajui. Na ugonjwa huu huambatana na shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo, na ajali za barabarani.

Tiba yake kuu ni mashine. Zamani, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni ili apate kupumua usiku. Kisha mwaka 1980, huko Sydney, Australia, daktari mmoja aitwaye Colin Sullivan akajaribu kumpulizia mgonjwa hewa puani kwa pampu usiku kucha. Koo halikuziba. Mwaka 1981 akaitangaza habari hiyo katika jarida la Lancet. Mashine za leo ni watoto na wajukuu wa pampu ile. Haitoi dawa, wala haitoi oksijeni ya mtungi. Inachukua hewa hii hii ya chumbani, inaichuja, na kuisukuma kwa nguvu kidogo kupitia mpira hadi kwenye barakoa. Hewa hiyo inalishikilia koo lisianguke, kama upepo unavyoisimamisha tanga.

Basi nikapewa mashine. Aliyenikabidhi alinieleza kwa muda usiozidi robo saa: hapa unawasha, hapa unazima, kwaheri. Usiku wa kwanza nilijiona rubani wa ndege ya kivita. Wanangu walikuja mlangoni kunitazama, wakakimbia. Usiku wa pili upepo ulinipiga machoni mpaka asubuhi. Usiku wa tatu nikagundua kwamba barakoa ina vitundu vidogo mbele vinavyotoa hewa. Nikasema, kumbe ndipo inapovuja! Nikachukua plasta nikaviziba vyote. Niliamka usiku wa manane natweta, kichwa kinataka kupasuka. Usiku wa nne mashine ikaenda uvunguni, karibu na viatu vya zamani, ikakaa huko miezi minane.

Iliyoitoa uvunguni ni barabara. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro, mimi nimeshika usukani, mchana kweupe, sijanywa hata bia moja. Karibu na Mlandizi nilisikia mama watoto anapiga yowe. Nilipofumbua macho, ndiyo, nilipofumbua, magurudumu ya kushoto yalikuwa kwenye vumbi la kando ya lami, na mbele yetu alikuwepo mtoto na baiskeli yenye madumu ya maji. Mtoto yule aliruka. Gari lilisimama. Hakuna aliyeumia. Mama watoto hakunisema neno mpaka tulipofika nyumbani. Ndipo akainama, akaivuta ile mashine kutoka uvunguni, akaipangusa vumbi kwa kanga yake, akaiweka juu ya kigoda.

Wiki ile nilikwenda kwenye kliniki nyingine, nikakutana na muuguzi mwenye subira. Aliniambia neno ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Alisema: "Mzee wangu, wagonjwa wengi wanaoiacha mashine hawashindwi na mashine. Wanashindwa na vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyewaambia." Basi niwaambieni vitu hivyo.

Kwanza ni barakoa. Kuna ya vijipua vinavyokaa chini ya matundu ya pua, kuna ya kufunika pua nzima, na kuna ya kufunika pua na mdomo. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu; kama viatu, kila mtu na mguu wake. Mwenye ndevu nyingi mara nyingi hupata shida na ile kubwa, kwa sababu hewa hupenya katikati ya ndevu. Ukitaka kuifunga, usiifunge umesimama mbele ya kioo. Lala kama unavyolala, washa mashine, ndipo ukaze mikanda kidogo kidogo mpaka hewa iache kuvuja. Wengi hukaza mno. Ukikaza mno, mpira laini wa barakoa hujikunja na hewa huvuja zaidi, nawe unaamka na vidonda juu ya pua. Dada zangu mliosuka nywele, pimeni mikanda upya kila mnapobadili mtindo.

Halafu nawa uso kwa sabuni kabla ya kulala. Mafuta ya mgando tunayojipaka kila jioni huifanya barakoa iteleze, na pia huuharibu mpira wake. Na vile vitundu vya mbele nilivyovibandika plasta, ndugu zangu, visizibwe kamwe. Ndiyo njia ya kutoa hewa chafu unayoipumua. Kuvuja kubaya ni kule kwa pembeni, kwenye mashavu na machoni. Tena barakoa nyingine zina vishikizo vya sumaku. Mwenye betri ya moyo au chuma kingine mwilini amwulize daktari kwanza.

Pili ni pua. Pua iliyoziba na mashine haviivani. Mwenye mafua ya mzio atibiwe mafua yake. Mara nyingi dawa ya kupuliza puani au maji ya chumvi ya kusafishia pua husaidia. Mashine nyingi zina kitangi cha maji kinachopashwa moto ili hewa iwe na unyevu. Kitumie. Kisima cha maji ya chumvi tulicho nacho uani hakifai hapo, maana kitaacha ukoko mweupe ndani ya kitangi. Maji yanayofaa ni yale yaliyotoneshwa kwa mvuke na kutengenezwa kwa matumizi ya hospitali. Ukiyakosa, tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na umwage yaliyobaki kila asubuhi. Lakini asije mtu akaweka maji ya betri ya gari! Huwezi kujua kama yana tindikali.

Wanaolala na kiyoyozi wakati mwingine husikia maji yakigugumia ndani ya mpira kama kiko ya mzee. Ni mvuke uliopoa. Punguza joto la kitangi, au upitishe mpira chini ya shuka upate joto, na mashine ikae chini kuliko kichwa chako ili maji yarudi kwenye kitangi yasikumwagikie usoni. Ila usiiweke sakafuni ikameza vumbi. Kigoda kinatosha. Na kwa kuwa sisi tunalala ndani ya chandarua, upitishe mpira chini ya pindo, uchomeke chandarua vizuri pande zote, na uangalie mpira usibanwe na godoro. Tusitibu pumzi tukaleta malaria.

Tatu ni mdomo. Ukiamka ulimi umekauka kama ubao, huenda usiku ulikuwa unaachama na hewa inatorokea hapo. Ongeza unyevu, itibu pua, na kama hali haibadiliki omba barakoa ya kufunika pua na mdomo. Ukiamka tumbo limejaa upepo, unameza hewa. Inua kichwa cha kitanda kidogo na umweleze daktari, kwani huenda nguvu ya hewa inahitaji kupimwa upya. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi huenda kutoka 4 hadi 20. Yangu imewekwa 11. Usiibadili kwa kusikia kwamba jirani yako anatumia 8.

Nne ni woga. Wapo wanaojisikia kama wanazikwa wakivaa barakoa. Hao wasianzie usiku. Mchana, ukiwa umekaa kwenye kiti, ishike barakoa kwa mkono puani bila mikanda, mashine ikiwa inapuliza. Kesho funga mikanda. Keshokutwa ivae dakika 20 huku unasikiliza redio. Mimi nilijizoeza kwa taarifa ya habari, na sikusikia woga wa mashine, nilisikia woga wa habari. Mashine nyingi pia zina kitufe cha kuanzia taratibu, upepo ukawa mdogo mpaka upatwe na usingizi. Kitafute.

Tano, na hili lishikeni: ivae usiku mzima. Madaktari wengi huhesabu kwamba mgonjwa anaitumia vya kutosha akifikisha walau saa 4 kwa usiku, lakini hicho ni kiwango cha chini cha hesabu, si lengo la kuridhika nalo. Usingizi wa ndoto huja zaidi kuelekea alfajiri, na wakati huo misuli ya koo hulegea kuliko wakati wowote. Kwa hiyo anayeivua saa tisa usiku akisema nimekwisha kuitumia vya kutosha, ni sawa na mtu aliyefunga mwavuli mvua ilipokolea. Ukienda msalani, irudishe. Ukijilaza mchana baada ya wali, ivae.

Sita ni umeme. Wengi wananiuliza: umeme ukikatika si nitakufa na barakoa usoni? Hapana. Vile vitundu, na kilango kilichomo katika barakoa kubwa, vimewekwa ili upate hewa. Utaamka, utaivua, basi. Lakini usiku huo utakoroma kama zamani. Mwenye uwezo anunue betri inayokubaliana na mashine yake. Nyingi hutumia volti 12 au 24. Kinachokula umeme mwingi ni kupasha maji moto. Ukizima kupasha huko, betri itakaa muda mrefu zaidi. Na umeme ukirudi kwa kishindo usije ukaiunguza mashine, weka kifaa cha kuilinda kama unavyoilinda friji yako.

Saba ni usafi. Barakoa ioshe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Mpira na kitangi angalau mara moja kwa wiki, uvianike kivulini. Kitangi kikishika ukoko, kisugue kwa siki kidogo iliyochanganywa na maji. Chujio litazame kila wiki; kwa vumbi la Dar es Salaam litageuka jeusi kabla hujageuka wewe. Na wale mnaoletewa mashine iliyotumika na ndugu aliye ughaibuni, ulizeni namba yake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziita mashine zake mamilioni kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa. Mashine ya bure yenye sponji mbovu si zawadi. Wala usivae barakoa ya mtu bila kuisafisha, wala usitumie nguvu ya hewa aliyopimiwa mwingine.

Mwisho ni kusoma. Mashine nyingi za siku hizi huandika kila asubuhi umeitumia saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, na pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Hesabu ya mwisho ikiwa chini ya 5, shukuru Mungu. Ikibaki juu wiki baada ya wiki, au ikiwa ni ndogo lakini bado unasinzia mchana, rudi kwa daktari. Na huku nyuma msaidie huyo mashine: punguza uzito ukiweza, lala ubavu, acha pombe ya usiku, na usimeze vidonge vya usingizi bila ruhusa. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari wa nusukaputi habari ya ugonjwa wako na uende na mashine yako.

Sasa nimalizie na jirani yangu. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, Dar es Salaam hadi Tunduma. Anayo mashine kama yangu. Lakini alikuwa haendi nayo safari. Nilipomwuliza akashusha sauti: "Mzee, utingo akiiona atasema. Tajiri akijua naumwa usingizi, lori atampa mwingine." Kwa hiyo anapolala Makambako hulala bila mashine, na asubuhi anateremka mlima Kitonga na tani 30 nyuma yake na macho ya kuazima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu akiumbuka, hataumbuka peke yake. Kutakuwa na basi mbele yake. Kutakuwa na mtoto na baiskeli yenye madumu.

Kwa hiyo matajiri wa malori na mabasi, neno langu ni lenu. Dereva aliyepimwa, anayevaa mashine yake kila usiku, na mwenye hesabu ya kuonyesha asubuhi, huyo si wa kufukuzwa. Wa kuogopwa ni yule anayekoroma, ananyamaza, anashtuka, na hakuna aliyempima. Umeme wa malori makubwa mengi ni volti 24. Mtafutie fundi wa kuaminika na kifaa kinachotakiwa na mashine, aitumie akiwa amelala ndani ya kebini. Gharama yake hailingani na bei ya lori moja lililolala Kitonga, sembuse roho ya mtu.

Na ninyi mama watoto, mnaohesabu gizani moja, mbili, tatu, msichoke kuhesabu. Semeni asubuhi, hata tukinuna. Mimi leo kipimo changu kinasoma 3. Mama watoto ananiambia chumba kimekuwa kimya mpaka wiki za kwanza alikuwa anaamka kunigusa kifua kuona kama nipo.

Nipo, ndugu wasikilizaji. Na wiki ijayo nitakuwepo tena. Lala salama.